Mkono wa Gavana

Kwenye begi la mama, chini ya kanga alizozikunja nne nne kama alivyokunja kila kitu maishani mwake, nilikuta vitu viwili: simu yake ya zamani yenye kioo kilichopasuka, na futi yake ya kupimia vitambaa. Simu niliiweka kando. Futi niliinusa. Ilinukia vumbi la vitambaa vya soko la Kangle na mafuta ya nazi aliyopaka nywele, na kwa mbali ilinuka chuma, ingawa huenda nilikinusa chuma kwa sababu nilikitaka. Alama ya kalamu ya buluu ilikuwa bado ipo kwenye inchi ya kumi na nne. Nilikaa kitandani kwake, hapa hapa mtaani Sanyuanli, nikalia kwa mara ya kwanza tangu tumzike Unguja.

Mlioletwa Guangzhou wadogo kama mimi hamhitaji kuelezwa kazi yetu ilikuwa nini. Wazazi walikuja na biashara, sisi tukawa ndimi zao. Baada ya mwaka mmoja wa skuli nilikuwa naongea Kichina kama mtoto wa pale, na mama, ambaye Kichina chake kiliishia kwenye salamu na majina ya rangi, hakuenda tena dukani bila mimi. Nilikuwa na miaka tisa na kiburi cha kutosha watu watatu. Neno nisilolijua sikukiri kamwe kuwa silijui. Nilitafuta lililo karibu nalo nikaliweka hapo, na mambo yakaenda. Kwenye mapazia yalikwenda vizuri tu, maana ukikosea kidogo rangi ya pazia hakuna anayeumia.

Mama alikuwa mtu wa mapazia. Alinunua vitambaa Kangle, akavishonesha kwa mafundi wa mle mle uchochoroni, akafunga marobota na kuyapeleka nyumbani kwa kontena. Futi haikutoka shingoni mwake. Alikaa nayo hata mezani, ikawa inachovya mchuzi, nami nikimcheka. Habari za chuma hakuzijua hata kidogo, na ndiyo maana nikikumbuka alichokifanya Ramadhani ile sijui nianze wapi kumsifu.

Ilianza kwa ujumbe wa sauti wa babu, yaani baba yake mama. Babu alikuwa fundi wa mtambo katika kinu cha mafuta ya nazi, nje kidogo ya mji wa Unguja. Kinu kilifungwa kabla sijazaliwa, lakini mtambo ulibaki bandani mwake: mtambo wa mvuke uliolazwa juu ya msingi wa mawe, wenye gurudumu refu kuliko mlango, ulioletwa kutoka Uingereza enzi za Malkia Viktoria. Kibao chake cha shaba ndivyo kilivyosema, na babu alikipangusa kibao hicho kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini. Yeye na wastaafu wenzake wawili walikuwa mwaka wa tatu wakiufufua. Walisugua kutu kwa mafuta ya taa na makumbi ya nazi. Pistoni iliyokuwa imeganda waliilowesha kwa wiki nyingi, wakiigonga pole pole kwa nyundo ya mti, mpaka siku moja ikasogea upana wa ukucha, na babu akatupigia simu kwa sauti ya mtu aliyepata mjukuu. Boila ya asili ilikuwa matundu matupu, basi wakaomba ndogo iliyotoka kwenye kiwanda cha sabuni.

Tatizo ni kwamba banda lilikuwa limepata mwenyewe mpya, mfanyabiashara aliyetaka kujenga maghala. Hakuwa mtu mbaya. Aliwaambia wazi kwamba mtambo ukizunguka mbele ya macho yake siku ya pili ya Idi, atajenga pembeni na kuuacha ulipo. Usipozunguka, wakataji wa chuma chakavu wangekuja na mitungi yao ya gesi siku ya tatu. Wenzake babu walisema wauwashe hivyo hivyo. Babu akakataa, na ndipo ukaja ujumbe ule, nao naukumbuka neno kwa neno.

"Mwanangu, mtambo umekubali. Silinda safi, ungejitazama uso humo. Lakini gavana kavunjika mkono, na mpira wake haupo, wezi washaula. Na mie bila gavana siuwashi. Mtambo bila gavana unajiua, na unaua watu. Hapa Unguja nimezunguka kote, hakuna wa kunisubia chuma. Huko mliko hakuna wasichokitengeneza. Mpira uliobaki nimeupima kwenye mizani ya dukani: ratili kumi na mbili kamili. Na fundi cherehani kanizungushia futi yake, inchi kumi na nne kiunoni. Yote mawili lazima yalingane, mwanangu. Ukizidi au ukipungua, gavana atapepesuka."

Wakubwa wenzangu mnaelewa, au mmeshakisia. Gavana ni kile kifaa chenye mipira miwili ya chuma kinachozunguka juu ya mtambo. Mwendo ukizidi, mipira inapaa na kuubana mvuke. Mwendo ukipungua, inashuka na kuufungulia. Ndicho kinachouzuia mtambo usikimbie mpaka ukasambaratika. Lakini mimi niliyesikia ujumbe ule nikiwa na kijiko mdomoni sikujua lolote kati ya hayo. Mimi nilisikia kwamba kuna mheshimiwa, gavana, anayekaa bandani na babu. Amevunjika mkono. Mpira wake umeibiwa, maskini. Na akisimama bila kupona, atapepesuka. Nikajua pia kwamba ni mtu mwema, maana kazi yake ilikuwa kuuzuia mtambo usijiue. Nilimpa nguo nyeupe na kofia, nikamwombea dua kila baada ya swala, na sikumuuliza mama kitu kwa sababu mkalimani haulizi.

Karatasi ilifika wiki ile kwa mkono wa msafiri. Babu alikuwa ameulaza mkono mzima wa gavana juu ya mfuko wa unga akauchora ukingoni kwa mkaa, akatia na picha moja ya mtambo. Mama aliutandaza mchoro ule mezani na kuupapasa kama alivyopapasa ruwaza za mafundi wake. "Hii ni kata ya shati tu," alisema. "Mkono ni mkono. Twende."

Tukaenda. Ramadhani ilikuwa imeingia, joto la Guangzhou mnalijua, na mama amefunga, na mimi nimefunga nusu siku yangu. Tulipanda basi kuelekea kaskazini ya Sanyuanli mpaka mwisho wa njia, kwenye karakana zilizoezekwa mabati, na mlango wa kwanza nikajikohoza na kumwambia laoban, bosi wa pale, kwa Kichina changu fasaha kabisa: "Gavana wa babu yangu amevunjika mkono. Mama anaomba umtengenezee mkono wa chuma." Nilitumia neno la mkuu wa jimbo, tulilofundishwa skuli. Laoban alinitazama, akamtazama mama, akasema nendeni hospitali.

"Anasemaje?" mama akauliza.

"Anasema hospitali."

"Hospitali ya nini tena? Hawa watu wana nini leo?"

Mlango wa pili walicheka. Wa tatu mzee mmoja alifunga geti kabisa, nadhani alihofia mambo ya serikali. Kwingine kote tulipata lile neno ambalo kila mfanyabiashara wa huku huliota usingizini: meiyou, hakuna. Siku mbili nzima mama alizunguka juani na futi shingoni, akiambiwa meiyou na hospitali, wala hakujua kwamba anayemzungusha ni mimi.

Kwa Laoban Liang tulifika siku ya tatu. Alikuwa mtu mfupi, nyusi zimeungua kwa moto wa tanuri, na karakana yake ilinuka mchanga uliounguzwa. Naye alisema meiyou kabla sijamaliza sentensi. Mama hakusubiri tafsiri. Alivuta kiti cha plastiki, akakaa, akatoa picha ya mtambo kwenye pochi na kuiweka juu ya goti. Mama alikuwa na namna yake ya kukaa ambayo ilimfahamisha mtu kwamba hapa hatoki leo. Laoban alirudi kwenye kazi zake. Akapita mara ya kwanza bila kutazama, mara ya pili akitazama kwa jicho moja, mara ya tatu akasimama na kuichukua picha.

"Tiaosuqi!" alisema, kwa sauti ya mtu aliyekutana na jamaa yake. Akaniuliza mimi: "Wewe mtoto, nani gavana? Hiki ni kirekebisha mwendo." Akachuchumaa, akashika vitunguu viwili kwenye kapu la chakula cha mchana, akavifunga kwa uzi kwenye fimbo na kuizungusha baina ya viganja vyake. Vitunguu vikapaa. Akapunguza, vikashuka. Alisema baba yake alifanya kazi kwenye kiwanda cha hariri kilichoendeshwa kwa mvuke, na yeye akiwa mdogo alikuwa akipelekwa kukitazama kitu hicho kikicheza. Tangu wakati huo hakukiona tena.

Nilivitazama vitunguu vile na gavana wangu mwenye kofia nyeupe akafa pale pale. Nilimlilia kimoyomoyo, nawaambieni kweli. Mama alipoelewa nilichokuwa nimekisema kwenye karakana zote zile alicheka mpaka akajishika ubavu, akasema swaumu yake itambatilikia, kisha akanifuta jasho kwa ncha ya mtandio.

"Sasa mpe vipimo," alisema. "Sawasawa."

Nikampa. Mkono, karatasi hii hapa. Mpira, jin kumi na mbili kwa mizani yao. Inchi sikuzitaja, maana laoban alisema uzito unamtosha, na mimi nilitaka kuonekana mtu wa vitendo.

Sikuwahi kuona watu wakifanya kazi kwa heshima namna ile. Laoban Liang alichonga mfano wa mkono kwa mbao, akaupima juu ya mchoro wa babu, akaupunguza kwa tupa, akaupima tena. Akauzika pamoja na mfano wa mpira kwenye kalibu ya mchanga na kuushindilia kwa ngumi. Siku ya kumimina alituruhusu tusimame mlangoni. Chuma kilitoka tanurini cheupe kwa ukali wa moto, kikamiminika bila kelele, na joto lake likatufikia usoni. Mama alisema "Subhanallah".

Siku ya kuchukua ndiyo siku yenyewe. Kontena lisingewahi Idi, hivyo mama alikuwa ameomba kilo kwa shoga yake, Bi Zuhura, aliyekuwa anaruka jioni hiyo. Mnajua kuomba kilo: kila anayesafiri ana watu kumi wanaomwomba nafasi kwenye begi lake, na Bi Zuhura alikuwa amewanyima wote kwa ajili ya gavana wa babu. Tulifika karakana asubuhi. Mkono ulikuwa tayari umefungwa kwenye gazeti, na mpira ulikuwa juu ya meza, mweusi, mviringo, unapendeza. Laoban aliuweka kwenye mizani mbele yetu: jin kumi na mbili, sindano haikutikisika. Nikatafsiri kwa madaha. Mama akaufunika kwa kipande cha pazia, akaanza kufunga fundo.

Halafu akasita. Akalifungua fundo. Akaivua futi shingoni, akauzungushia mpira kiunoni, kama alivyowazungushia wateja wake mara elfu.

"Kumi na nne," alisema, "na karibu nusu."

Akapima tena. Akaugeuza mpira na kupima upande mwingine. Futi ilikataa kufika kwenye kumi na nne.

"Babu alisema uzito gani?"

"Ratili kumi na mbili."

"Na wewe ukamwambia laoban nini?"

"Jin kumi na mbili."

Aliniangalia. Na mimi, kwa mara ya kwanza, nikahisi kiburi changu kinanishuka miguuni. Nilikuwa najua kabisa ratili ni nini! Ratili ni jin. Kila siku sokoni Sanyuanli mama aliniambia, "Niagizie ratili mbili za nyanya," nami nikamwambia muuzaji jin mbili, na nyanya zikaja, na hakuna aliyelalamika. Niliamini ratili ni jina la Unguja la jin, kama vile skuli ni jina letu la shule. Kumbe jin ni nusu kilo kamili, na ratili haifiki hapo. Laoban alipopiga hesabu kwenye simu yake, ratili kumi na mbili za babu zilikuwa jin kumi na moja kasoro kidogo. Tulikuwa tumesubu mpira uliozidi zaidi ya ratili nzima. Ungefika Unguja, ungefungwa, na mbele ya yule mwenye maghala gavana angepepesuka na babu angeuzima mtambo kwa mkono wake mwenyewe.

Nilianza kulia. Laoban alikuwa akiongea kwa haraka na kunionesha kidole, anasema mtoto ndiye aliyesema jin, yeye kafuata maneno ya mtoto. Mama alinyanyuka. Nilidhani nitapigwa kofi. Akaweka mkono kichwani kwangu.

"Mimi ndiye ninayeita jin ratili," alisema. "Mimi ndiye niliyekufundisha. Mwambie laoban kosa ni langu. Mwambie hivyo hivyo, usipunguze."

Nikamwambia, huku kamasi zinanitoka. Laoban Liang aliteremsha kidole. Watu wazima wa sokoni hatukuwazoea kusema hivyo, wa kwetu wala wa kwao. Kisha akauinua mpira akaupakata.

"Mzito si neno," alisema. "Ungekuwa mwepesi, tungeyeyusha upya, na leo usingeupata. Mzito tunaukereza."

Aliufunga kwenye mashine ya kukereza. Alichukua futi ya mama, akaipigia mstari wa buluu kwenye inchi ya kumi na nne ili macho yake yasihangaike, na kazi ikaanza. Nyuzi nyembamba za chuma zilijikunja na kuanguka zikifuka moshi. Kila baada ya muda aliisimamisha mashine, mama akaja na futi, wakainamisha vichwa pamoja, mstari wa buluu bado, mashine ikaanza tena. Hawakuwa na neno hata moja la pamoja na hawakunihitaji. Mchana ukapita, adhuhuri mama akaiswali pembeni ya magunia ya mchanga, akarudi kupima. Alasiri ilipokaribia, futi ilizunguka na ncha ikatua juu ya mstari, sawia. Mizani ikakubali pia. Tulikimbia na mkono, na mpira kwenye pazia lake, mpaka kwenye teksi, na Bi Zuhura akavipokea mlangoni na viatu vimeshavaliwa.

Siku ya pili ya Idi ujumbe wa babu uliingia tukiwa tumekaa. Hakusalimia. Ilisikika pumzi nzito ya mvuke, nyingine, kisha pumzi zenye mpango, na chini yake mlio mwororo wa kitu kinachozunguka, wala haukupepesuka. Mama alifumba macho. Mwishoni kabisa sauti ya babu, imekauka: "Gavana kasimama mwenyewe, mwanangu. Mwenye maghala kavua kofia."

Mtambo upo mpaka leo, maghala yamejengwa pembeni, na Idi huwashwa watoto wakautazama. Babu aliishi miaka mingi baadaye, na kila tulipokwenda likizo alinishika mkono mbele ya wageni. "Huyu mkalimani," alisema, "ndiye aliyegundua mpira mzito. Bila yeye mtambo wangu ulikuwa vipande." Niliona haya mpaka masikioni. Nilidhani uzee umemchanganya, na sikuwa na moyo wa kumsahihisha. Lakini mtoto akiitwa mkalimani mara nyingi vile, huwa mkalimani. Leo misimu miwili ya maonesho kila mwaka nipo kwenye kumbi za Pazhou, nimesimama baina ya wanunuzi na viwanda, na neno nisilolijua huwa nasema silijui.

Jana niliichaji simu ile yenye kioo kilichopasuka. Ilichukua muda, kisha ikawaka, na jumbe zote zilikuwamo, wala mama hakuwahi kufuta hata mmoja. Nikaukuta ule wa pumzi za mtambo. Na chini yake, siku ile ile, upo wa mama kwenda kwa babu, ambao sikuwahi kuusikia.

"Baba, kuna jambo sikukwambia. Ule mpira ulisubiwa mzito. Mie nilishaufunga niutume hivyo hivyo. Mjukuu wako ndiye aliyegundua. Usiache kumwambia ukimwona."

Mimi ndiye niliyekosea, akajibebesha yeye mbele ya laoban. Yeye ndiye aliyegundua, akanipa mimi mbele ya baba yake. Na nyuma ya sauti yake kwenye ujumbe ule, hatua mbili tu kutoka alipokaa, nasikika mimi nikisoma kwa sauti kitabu changu cha Kichina, sijui lolote, kwa kiburi cha kutosha watu watatu.